Kimya, Mzee, Ndege Inashuka

Siku ile, mjukuu wangu, naikumbuka kwa masikio kwanza, macho yanafuata baadaye. Matarumbeta ya usharika wetu yalikuwa yanapigwa kwenye nyasi za uwanja wa ndege wa Arusha, kina mama wanashindana kwa vigelegele, na mimi nimekaa ndani ya kibanda cha mabati, hedifoni masikioni, moyo unanidunda kwa furaha. Sikujua kwamba muda si mrefu ungedunda kwa sababu nyingine. Hicho kikombe cha chai kiweke mezani kwanza, unisikilize.

Nimesikia kwamba wewe na wenzako mmechaguliwa kwenda kusomea kazi ya kuongoza ndege. Nilipoambiwa nilicheka kwa sauti mpaka kuku wakakimbia uani. Kumbe kazi ile haijatutoka sisi watu wa mlimani! Mtafundishwa mengi, na mtakaa mbele ya vioo vinavyoonyesha kila ndege ilipo na kimo chake. Sisi enzi ya Mwingereza tulikuwa na masikio tu. Lakini nina neno moja ambalo sijui kama limo kwenye vitabu vyenu. Nililipata kwa kukemewa mbele ya umati, na aliyenikemea alikuwa mzee ambaye hakuwahi kupanda ndege wala hakutaka kuipanda.

Mimi nilikuwa kijana wa Kimeru, mtoto wa wakulima wa kahawa na migomba, juu kidogo ya Usa River. Nilisoma shule ya misheni mpaka ilipoishia, nikapelekwa Nairobi kujifunza simu ya upepo, yaani redio ya kuzungumzia, nikarudi na kaptula nyeupe na soksi ndefu, najiona gavana. Kazi yangu uwanjani ilikuwa kuzungumza na marubani na kuwafikishia maagizo ya Bwana Mkubwa wa uwanja, Mwingereza mmoja mfupi, mwenye haraka lakini mwenye haki. Yeye ndiye aliyepanga ndege ipi ikae kimo gani. Mimi nilikuwa mdomo wake na masikio yake.

Kazi hiyo ina desturi moja ambayo nanyi mtaikuta. Rubani ukimwambia akae kimo fulani, hajibu “ndiyo” tu akanyamaza. Analirudia agizo lote kwa mdomo wake mwenyewe, nawe unamsikiliza neno kwa neno, na akikosea unamkatiza papo hapo, awe nani awe nani. Kwetu mlimani jambo hilo lilikuwa utovu wa adabu. Mkubwa akisema, mdogo anaitikia kwa unyenyekevu. Hamrudishii maneno yake, sembuse kumwambia amekosea. Mama yangu nilipomweleza aliacha kumenya ndizi akaniuliza, “Sasa huyo Mzungu ukimkosoa, hakupigi?” Nikamwambia hapana, mama, huko ananishukuru. Hakuniamini, na sikumlaumu, maana mwenyewe ilinichukua muda kuzoea.

Siku ninayokusimulia alikuwa anarudi Elifuraha. Huyu alikuwa kijana wa jirani zetu, mtoto wa Mzee Nderingo, aliyekwenda Uganda kusomea udaktari tukabaki tunasikia habari zake kwa barua tu. Serikali ndiyo iliyomkatia tiketi ya ndege kutoka Nairobi, kwa sababu hospitali ilikuwa inamsubiri kwa hamu. Lo! Habari zilipofika mlimani, hapakulalika. Mtoto tuliyechunga naye mbuzi anateremka kutoka mawinguni! Watu walikuja kwa lori la kahawa, wengine kwa miguu tangu alfajiri, wakapita Kimandolu, wakavuka Themi, viatu wameshika mkononi visichafuke kabla ya mgeni kuviona. Wakaja na vibuyu vya loshoro, ule mchanganyiko wetu wa mahindi na maziwa ya mgando, na mbuzi wa zawadi aliyefungwa utepe shingoni, na matarumbeta yote ya kanisa pamoja na ngoma ile kubwa.

Mzee Nderingo mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mwenye koti zito alilolivaa jua na mvua. Alikuwa haongei sana. Akikutazama unaanza kukumbuka madhambi ambayo hujayafanya bado. Na mimi, mwanangu, nilikuwa na sababu ya ziada ya kumwogopa, kwa kuwa nilikuwa nimepeleka washenga kwake kumwomba binti yake, Ndeshi, dada yake Elifuraha. Washenga walikaribishwa, wakala, wakanywa chai, wakaambiwa, “Tutawapa jibu.” Jibu lilikuwa halijatoka, na kila nilipokutana na mzee yule njiani nilikuwa naulizia afya ya ng’ombe wake mpaka ng’ombe wakaisha.

Sasa sikiliza mambo ya angani yalivyokuwa, maana hapo ndipo penye hatari. Wingu zito lilikuwa limeshuka mlimani mpaka kwenye migomba ya juu, likatanda kuelekea Longido. Ndege ya Elifuraha, ile kubwa ya abiria yenye injini mbili, ilikuwa inakuja kutoka Nairobi kwa njia hiyo. Wakati huohuo ndege ndogo ya kupulizia nzige dawa ilikuwa imeruka kutoka kwetu kwenda Nairobi, njia hiyohiyo, lakini inakwenda huku nyingine inakuja. Zote mbili zimo ndani ya wingu, hazionani. Kilichozitenganisha ni kimo tu. Bwana Mkubwa aliiweka ile ndogo futi elfu nane, na ile kubwa akaagiza isishuke chini ya elfu tisa mpaka tuhakikishe kwamba zimepishana.

Nilimpa Kapteni wa ndege kubwa agizo hilo, naye akalirudia vizuri kabisa. “Elfu tisa. Sishuki zaidi mpaka mniambie.” Nikamwambia ni sawa. Bwana Mkubwa akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Hapo tukasikia ngoma kubwa inasogea, tukachungulia dirishani. Watu wetu, kwa furaha, walikuwa wameingia na matarumbeta katikati ya njia ya kutulia ndege, na mbuzi mbele! Bwana Mkubwa akashika kofia yake. “Usitoke hapo,” akaniambia, akakimbia kwenda kuwaondoa.

Nikabaki peke yangu na ile simu ya upepo. Sikukaa sana kabla mlango haujafunguliwa.

Aliyeingia alikuwa Mzee Nderingo. Nyuma yake, kizingitini, alisimama mjomba wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga mkuu, na nyuma ya mjomba wazee wengine wakachungulia. Kibanda kikawa kidogo ghafla.

“Shikamoo, mzee,” nikasema bila kuinuka.

“Marahaba. Mwanangu yuko wapi saa hizi?”

“Yuko ndani ya wingu, mzee, upande wa Longido. Anakuja.”

Mzee akatabasamu. Nakwambia, sikuwahi kuona meno ya mtu yule kabla ya siku hiyo. Akalitazama dubwana la redio, akanitazama mimi, halafu akanyoosha mkono wake wa kulia kuelekea kichwani kwangu.

Pengine ninyi wa leo hamjui uzito wa jambo hilo. Enzi zile kijana alimwinamia mzee kichwa, na mzee akaweka kiganja utosini pake. Hiyo ilikuwa salamu na baraka kwa pamoja. Na mzee kuanza mwenyewe kunyoosha mkono kabla kijana hajainama, tena mbele ya mshenga, tena siku ya furaha ya nyumba yake! Hilo lilikuwa jibu lenyewe, mwanangu. Ndeshi alikuwa ndani ya mkono ule. Mjomba wangu alilijua hilo, nikamsikia anavuta pumzi.

Tatizo lilikuwa lile tao la chuma la hedifoni, ambalo lilipita juu ya utosi, palepale kiganja kinapotakiwa kukaa.

“Vua hicho kidude,” mjomba akaninong’oneza kwa Kimeru. “Vua, wewe!”

Na mkono wangu ukapanda kuvua. Sikufichi. Nani angeacha? Ni kitambo kidogo tu, kuinama na kuinuka, nani angejua? Vidole vilikuwa vimeshafika sikioni niliposikia sauti ya Kapteni, tulivu, imechangamka, kama mtu anayesema yuko karibu kufika sokoni.

“Arusha, napita elfu nane na mia tano, nateremka. Nitauona uwanja wenu sasa hivi.”

Elfu nane na mia tano! Alikuwa amekwisha kuvunja kimo chake, nusu ya nafasi ile imeliwa, na bado anashuka, na chini yake ndani ya wingu kuna mtu. Mzee akawa ameanza kutamka maneno ya baraka, sauti yake nzito inajaa kibanda kizima, na mimi nahitaji kusikia.

“Kimya!” nikapiga kelele. “Kimya, mzee, ndege inashuka!”

Nikakamata maiki. Kiingereza changu kilichokuwa kinatembea kwa adabu siku zote siku ile kilikimbia bila viatu. Nikamwambia, acha kushuka! Panda, rudi elfu tisa, panda sasa hivi, kuna ndege chini yako! Sikusema “bwana” wala “tafadhali.” Kisha nikangoja agizo langu lirudi. Halikurudi. Nilisikia mikwaruzo tu ya upepo, na nje matarumbeta yanapiga wimbo wa sifa, na mlangoni wazee wamekauka. Nikarudia tena. Ee Mungu, nikasema moyoni, mtoto wa watu amekuja na tai shingoni, usimwache aishie hewani.

“Napanda,” Kapteni akasema. Sauti ilikuwa imebadilika kabisa, kavu. “Naacha kushuka. Narudi elfu tisa. Napanda.”

Papo hapo yule rubani wa ndege ya nzige akaingia, maana alikuwa amesikia yote. Akauliza kwa haraka kama ashuke au apande. Nikamwambia baki elfu nane, usipande, usishuke, mpaka nikuambie. Mtakuja kufundishwa hilo pia: wakikaribiana wawili, usiwatie hofu wote wakahama ovyo, unaweza kuwakutanisha wewe mwenyewe. Huyu mdogo nilijua alipo. Kumhamisha kungekuwa kumpeleka nisikokujua, tena upande wenye mlima.

Akalirudia agizo. “Elfu nane. Sipandi, sishuki, nangoja neno lako.” Halafu akapiga ukelele ambao mpaka leo nausikia. “Nimeiona! Imepita juu yangu! Nimeona mpaka mafuta yaliyochuruzika chini ya injini!”

Zilikuwa zimepishana. Nikaegemea meza, jasho limelowesha ile kaptula nyeupe yote. Nilipoinua macho, Mzee Nderingo alikuwa bado amesimama palepale, mkono wake bado uko hewani, hakuna aliyeupokea.

“Mzee, wako wawili,” nikasema. “Mmoja juu, mmoja chini, hawaonani. Wa juu alishuka pasipotakiwa. Sasa amerudi.”

Akaushusha mkono taratibu, akageuka, akatoka. Wazee wakampisha. Mjomba wangu alinitazama kwa macho ya mtu aliyefiwa, kisha naye akatoka.

Basi nikaendelea na kazi. Nikaihesabia ile ndege kubwa nafasi ya kutosha, nikamteremsha Kapteni kidogo kidogo, na kila agizo nilisubiri lirudi kabla sijatoa jingine. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, mwanangu. Walioisema methali hiyo hawakuiona ndege, lakini walijua. Kisha wingu likapasuka upande wa magharibi na ndege ikatokea, inang’aa, kubwa, nzuri, nami nikasahau shida zangu zote nikapiga kofi mezani. Nje palilipuka. Tarumbeta la kwanza lilipiga wimbo mmoja na la pili wimbo mwingine, hakuna aliyejali. Ndege ikagusa nyasi, ikajongea, injini zikazimwa. Elifuraha akajitokeza mlangoni na kofia yake ya Kizungu mkononi, na mama yake, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu, akakimbia mbele ya watu wote akawaacha vijana nyuma!

Kapteni hakwenda kwenye sherehe. Alikuja moja kwa moja kibandani, mtu wa masharubu mekundu ambaye watu wa uwanjani walimwogopa kwa ukali wake.

“Wewe ndiye uliyeniamuru nipande?”

“Ni mimi, bwana.”

Akaketi juu ya sanduku. Akaniambia kwamba amepita njia ile kwa miaka mingi, na siku zote hushuka moja kwa moja mpaka chini, kwa kuwa siku zote hakuna mtu. Mdomo wake ulisema elfu tisa na ulimaanisha, lakini mkono wake ukafuata njia yake ya kila siku. “Nitamwambia mkubwa wako mwenyewe, kabla hajaniuliza,” akasema, akanipa mkono, akatoka. Mazoea yana taabu, mwanangu. Mtu yule hakuwa mjinga wala mlevi. Alikuwa rubani hodari, na uhodari wenyewe ndio uliomlaza usingizi.

Hapo ndipo mjomba wangu aliporudi. Alikuwa anahema, na mkononi ameshika jani la isale, lile jani refu la kijani ambalo kwetu mtu akikukosea anakuletea kuomba radhi. Alikuwa ameomba kuchuma kwenye mpaka wa shamba la mtu kando ya uwanja.

“Umemaliza kila kitu,” akasema. “Umemwambia mkweo kimya. Mbele ya wazee! Umeuacha mkono wake unaning’inia kama nguo kwenye kamba. Chukua hili, nenda sasa hivi kabla hajaondoka. Akiondoka na hasira hiyo, Ndeshi utamsikia kwenye matangazo ya ndoa ya mwingine.”

Ndeshi! Nikavua hedifoni, nikaiweka mezani, nikalichukua jani, nikatoka. Isale halikataliwi, hata baina ya watu waliochomeana nyumba. Nilijua akilipokea tu, nimepona.

Umati ukanifungulia njia. Habari zilikuwa zimeshaenea, nikaona watu wanagongana viwiko. Mzee Nderingo alikuwa amesimama na mwanawe, na Ndeshi yuko nyuma yao ameshika kibuyu cha loshoro. Hakuinua macho kunitazama. Nikapiga goti, nikalinyoosha jani kwa mikono miwili.

Mzee akaweka mikono yake nyuma ya mgongo.

Watu wakaguna. Hata yule wa ngoma kubwa akaacha. Hakuna mtu pale aliyewahi kuona isale likikataliwa, tena na mzee wa kanisa.

“Hilo la nini?” akauliza.

“Naomba radhi, mzee. Nilikuacha na mkono hewani. Nilikuambia kimya.”

“Nikilipokea, mimi na wewe tumekubaliana kwamba ulikosa. Siyo?”

“Ndiyo, mzee.”

“Basi siku nyingine atakuja mzee mwingine mlangoni kwako, atanyoosha mkono, nawe utakumbuka kwamba ulikosa. Utavua.” Akamshika Elifuraha bega. “Huyu angekuwa wapi sasa? Niambie, angekuwa wapi? Lirudishe hilo jani. Sipokei radhi ya jambo lililoniletea mtoto.”

Nikaanza kuinuka, nikaanza na kutabasamu, na nadhani hata nilimtupia Ndeshi jicho. Mzee akapiga fimbo chini.

“Usicheke! Kosa lako hulijui bado. Si uliniambia wako wawili? Mmoja ndiye huyu, anakunywa loshoro. Yule mwingine yuko wapi?”

“Yuko... yuko mawinguni, mzee. Anakwenda Nairobi.”

“Nani anamsikiliza?”

Nikageuka kukitazama kibanda. Bwana Mkubwa alikuwa kule upande wa pili anaamua ugomvi wa mbuzi na mizigo. Kibanda kilikuwa kitupu. Hedifoni ilikuwa inazungumza na meza.

“Yule naye ana baba yake mahali,” mzee akasema, na safari hii hakupaza sauti. “Wangu nimempata, basi dunia imekwisha? Unaacha mtoto wa mtu huko juu unakuja kunibembeleza mimi? Kimbia!”

Nikakimbia, mwanangu! Nilikimbia na jani mkononi, nikaruka vibuyu, soksi moja ikateremka mpaka kifundoni. Nikavaa hedifoni na kusikia sauti ya yule rubani wa nzige, imechoka.

“Arusha, Arusha, unanisikia? Nimekuita na kukuita.”

Alikuwa ameingia penye dhoruba, ndege yake ndogo inarushwa huku na huku, na alichohitaji kilikuwa kupanda tu, atoke juu ya lile wingu. Lakini mimi nilikuwa nimemwambia asipande mpaka nimwambie. Naye, kwa kuwa ni mtu mtiifu, na kwa kuwa muda mfupi uliopita sauti yangu ilimwokoa, alikuwa anangoja. Anavumilia kipigo kile kwa sababu ya neno langu, na mimi niko nje nimepiga goti naomba mchumba. Nikamwambia njia ni nyeupe, panda mpaka kimo unachotaka. Akalirudia agizo, nikamthibitishia, na hatimaye akasema, “Nimetoka. Niko kwenye jua. Asante, Arusha.” Hakuniuliza nilikuwa wapi. Nilishukuru kwa hilo na nikaona aibu kwa hilo.

Sikutoka tena kibandani mpaka Nairobi walipojulisha kwamba ametua. Sherehe ilikwisha bila mimi, na loshoro nililetewa na Ndeshi mwenyewe, akaniwekea dirishani, akaondoka anacheka peke yake. Jibu la washenga lilitoka wiki ileile. Mjomba alisema Mzee Nderingo aliongea sentensi moja tu: “Aliyethubutu kuninyamazisha mimi kwa ajili ya mwanangu, nimnyime binti kwa kosa gani?” Na huyo binti ndiye bibi yako anayejifanya hasikii hapo jikoni. Muulize kama nimeongeza chumvi.

Sasa nikuambie neno lenyewe, maana kesho kutwa unaondoka. Ulifundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, na uishike nyumbani, kanisani na barabarani. Lakini ukiwa kwenye kiti kile, mkuu wako ni yule aliye hewani asiyeona mbele. Akija mkurugenzi, akija waziri, nikija mimi babu yako na fimbo yangu, tuache tusimame. Heshima yetu itangoja, haina injini. Na usije kutuomba radhi baadaye kwa kuwa ulitunyamazisha, kwa sababu ukiomba radhi kwa lililo sawa utajifunza kuliogopa.

Mtu akikurudishia agizo sawasawa, usidhani kazi imekwisha. Mdomo unaweza kukubali na mkono ukaenda zake. Endelea kusikiliza. Akiteleza futi chache, sema palepale, hata kama ni mkubwa, hata kama ana hasira, hata kama utaonekana huna adabu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huko juu, mwanangu, hakuna muda wa kujenga ukuta. Nawe ukikosolewa, pokea kama alivyopokea yule Kapteni wa masharubu mekundu, kabla hujaulizwa.

Na lile alilonikemea mzee ndilo kubwa zaidi. Hatari ikipita, moyo hutaka kwenda kucheza ngoma. Wewe usiende. Uliza kwanza, nani mwingine bado yuko juu? Yule ambaye hana ndugu uwanjani, hana matarumbeta, hakuna anayelijua jina lake, ni wako sawasawa na yule anayesubiriwa kwa vigelegele. Tena yule uliyemwambia “ningoje” ni deni lako mpaka umrudie. Mimi nilimsahau kwa sababu ya mapenzi, na mapenzi ni jambo zuri. Jambo baya halinogi kiasi cha kumtoa mtu kwenye kiti chake. Jihadhari na mazuri.

Haya, simama. Mungu wa mababu zetu akufungue masikio na kuutuliza moyo wako. Aupe ulimi wako ujasiri na akuepushe na usingizi wa mazoea. Wote watakaowekwa mikononi mwako, wanaojulikana na wasiojulikana, uwasikie mmoja mmoja, na wa mwisho wao ashuke salama kwa baba yake.